Msifiche Mafuta Yenu Nyuma ya Watoto wa Kolwezi

Mume wa dada yangu aliondoka Lubumbashi miaka kumi na miwili iliyopita, na leo anaishi Marekani, katika jimbo la Iowa, ambako hufyeka majani na kutengeneza nyua za nyumba za watu. Kazi hiyo haiwezekani bila kamioneti, ile ambayo wengine huiita pikapu, pamoja na trela la kubebea mashine. Ya kwake imezeeka. Hivi karibuni alinieleza kwamba mbele yake kuna mbili, zote zimekwisha kutumika: Ford F-150 ya petroli, na dada yake wa umeme, F-150 Lightning, iliyoanza kuuzwa mwaka 2022. Wiki mbili baadaye akaniandikia kwa fahari: "Shemeji, nimeamua kuchukua ya mafuta. Siwezi kuendesha gari ambalo betri yake imechimbwa na watoto wa kwetu."

Nadhani alitegemea nimsifu. Sikumsifu, na jibu nililompa ndilo ninalolitoa hapa kwa marefu, kwa kuwa neno lake si lake peke yake. Linasemwa na watu wengi sana wasiopajua Kolwezi hata kwenye ramani, na siku hizi limerudi hadi kwetu. Nimelisikia likitamkwa nje ya kanisa, baada ya Misa, na watu wenye nia njema kabisa, wanaodhani kwamba kwa kulisema wanawatetea maskini.

Kwanza nikiri lililo kweli. Nchi yetu hutoa karibu robo tatu ya kobalti yote inayochimbwa duniani, na kobalti hiyo hutoka katika majimbo mawili, Lualaba na Haut-Katanga. Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo mjini Kolwezi, watu waligundua kwamba madini yamo chini ya nyumba zao wenyewe, wakaanza kuchimba katika nyua na hata ndani ya vyumba vya kulala. Mwezi wa kwanza wa 2016 Amnesty International ilitoa ripoti iliyoonyesha watoto wakiokota mawe, wakiyaosha na kuyabeba. Tarehe 27 mwezi wa sita 2019, karibu na Kolwezi, udongo wa machimbo makubwa uliwaporomokea wachimbaji wa mikono waliokuwa wameingia humo. Waliokufa walihesabiwa 43. Katika jumuiya yetu wenyewe tumeshamlilia kijana mmoja aliyefukiwa namna hiyo, ambaye mama yake hakupata kuuona mwili. Kwa hiyo asije mtu akadhani kwamba ninaandika ili kupunguza ukubwa wa msiba huo. Picha si za uongo. Ninachokikataa ni kazi ambayo picha hizo zimepewa.

Kazi yenyewe ni hii: kumtuliza mwenye kuchoma petroli. Kitabu cha Siddharth Kara, Cobalt Red, kilitoka mwaka 2023 na kusomwa sana huko Marekani. Tangu hapo kila mtu anayechukia gari la umeme, kwa sababu zake mwenyewe, za siasa, za mazoea au za mfuko, amejipatia hoja ya huruma. Huoni akichangia shule ya Kolwezi. Huoni akiuliza kama mchimbaji amelipwa bei ya haki. Anataja jina la mtoto wetu mara moja, kama mtu anayeonyesha kibali kwenye barriere, kisha anapita na lita zake mia za petroli, dhamiri yake ikiwa imelala.

Na petroli hiyo, je, haina kobalti? Hapa ndipo shemeji yangu alipostaajabu. Ili kuondoa salfa katika petroli na mazutu, viwanda vya kusafisha huyapitisha mafuta, pamoja na hidrojeni, juu ya vichocheo vilivyotengenezwa kwa kobalti na molibdeni. Kadiri sheria za hewa safi zilivyokaza huko Ulaya na Marekani, ndivyo kazi hiyo ilivyozidi kuwa ya lazima. Ni kweli kwamba kiasi chake ni kidogo mno kikilinganishwa na kilo zilizomo katika betri ya gari, na sitaki kumdanganya msomaji kwa kuvilinganisha kana kwamba ni sawa. Lakini kobalti ya Katanga imekuwa ikitumika katika viwanda hivyo kwa miongo mingi, kama ilivyotumika katika injini za ndege, na kama inavyotumika katika simu ile ile ambayo shemeji aliniandikia. Katika miaka hiyo yote sijasikia habari za mtu hata mmoja aliyekataa kujaza tangi lake kwa ajili ya Kolwezi.

Tena mafuta yana makaburi yake. Ken Saro-Wiwa na wenzake wanane walinyongwa Port Harcourt, Nigeria, tarehe 10 mwezi wa kumi na moja 1995, baada ya kuwatetea Waogoni ambao mashamba na mito yao iliharibiwa na mafuta. Mwaka 2011 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilichunguza ardhi ya Ogoni likakuta uchafu umezama hadi kwenye maji ya kunywa. Na kwetu, mwaka 2022, serikali ilinadi maeneo 27 ya kutafuta mafuta, baadhi yake yakigusa Hifadhi ya Virunga na ardhi ya matope meusi ya Bonde la Kati, inayohifadhi kaboni kwa wingi usio wa kawaida. Mnada huo ulifutwa mwezi wa kumi 2024, na baada ya miezi michache maeneo mengine, mengi zaidi, yakatangazwa. Anayenunua gari la petroli ili asiidhuru Kongo anapaswa kujua kwamba kuna Kongo nyingine, ya mito na misitu, ambayo tangi lake linaidai.

Tuhesabu sasa, maana huruma isiyohesabu huishia kudanganywa. F-150 ya petroli hutumia takriban lita 12 kwa kila kilomita 100. Mtu anayekwenda kilomita 20,000 kwa mwaka atachoma lita 2,400. Katika miaka 15, lita 36,000. Kila lita hutoa zaidi ya kilo mbili za kaboni dioksidi hewani, na hakuna hata tone litakalorudi. Betri ni mzigo mzito siku ya kwanza: kuitengeneza kunachafua hewa kuliko kutengeneza injini, na mtetezi wa umeme anayelificha hilo si mwaminifu. Lakini mzigo huo hubebwa mara moja. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, wakishirikiana na wataalamu wa Ford, walipima maisha yote ya magari ya Marekani, tangu machimbo hadi jalalani, wakaona kwamba gari la umeme hupunguza hewa chafu kwa takriban asilimia 64, na kwamba upande wa pikapu akiba hiyo hufika karibu tani 74 kwa gari moja. Ford, ambayo iliuza aina zote mbili, haikuwa na sababu ya kuipendelea mojawapo. Na huko Iowa anakokaa shemeji, zaidi ya nusu ya umeme hutoka kwenye upepo. Tena kobalti, nikeli na shaba za betri iliyokufa hurudishwa kiwandani zikayeyushwa upya. Nani amewahi kuokota petroli ya mwaka jana?

Najua kuna wanaosoma hapa wakiwa wameanza kutabasamu, wakidhani nimekuwa mhubiri wa magari ya umeme. Wasitabasamu mapema. Wauzaji wa magari hayo nao wana la kujibu, na mimi nawakasirikia kuliko wale wa petroli, kwa kuwa wametumia neno "safi" bila haya.

Chukueni GMC Hummer ya umeme, nayo ni pikapu. Ina uzito wa zaidi ya kilo 4,000. Betri yake peke yake ina takriban kilo 1,300, yaani uzito wa gari dogo zima la familia, na inabeba zaidi ya kilowati-saa 200. Kwa nini? Ili mtu mmoja aende ofisini na kurudi, na ili gari hilo la tani nne liweze kuruka mbele kama swala taa zinapogeuka kijani. Pikipiki ya umeme kama zile zinazobeba abiria Kigali na Nairobi hutosheka na kilowati-saa mbili au tatu. Kwa betri ya Hummer moja zingetembea pikipiki karibu themanini, na kila moja ingelisha nyumba. Kila kilo ya madini iliyomo katika mnyama huyo ilitolewa ardhini mahali fulani, na mara nyingi mahali hapo ni kwetu. Kumwita "safi" ni kuhesabu moshi wa nyuma tu, na kusahau shimo.

Shimo hilo, kwa taarifa yao, huchimbwa kwa mazutu. Nendeni Kasumbalesa mkaone: upande mmoja malori yanaingia na mafuta ya kuendesha mitambo na jenereta za migodi; upande wa pili malori yanatoka na shaba pamoja na unga wa kobalti ambao haujasafishwa mpaka mwisho, kuelekea Durban au Dar es Salaam, kisha China. Na umeme wetu? Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuna njia ya nyaya yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi kutoka Inga mpaka Kolwezi. Ilijengwa kwa ajili ya migodi. Inapita juu ya vijiji ambavyo watoto wake husoma kwa mwanga wa kibatari. Katika nchi nzima ni mtu mmoja kati ya watano hivi anayepata koranti, na hata yeye haipati kila siku.

Ndiyo maana nilikuwa mmoja wa waliopiga kura, mwaka uliopita, chama chetu kilipojadili ununuzi wa kamioneti ya kupeleka mahindi na dawa kijijini na kurudi na wagonjwa, na kura yangu ilikwenda kwa mazutu. Kijana mmoja aliniuliza kama sioni aibu, mimi ninayesema sana habari za utunzaji wa uumbaji. Sioni. Njia ya Kasenga wakati wa masika hula magurudumu mpaka ekseli. Mahali pa kulaza gari hakuna koranti ya kuchaji hata taa vizuri. Fundi wa injini ya Hilux anapatikana kila kijiji, na wa betri kubwa simjui hata mmoja. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, ibara ya 165, anasema wazi kwamba nishati za mafuta na makaa zinapaswa kuachwa hatua kwa hatua na bila kuchelewa. Lakini papo hapo anakubali kwamba, mpaka nyingine zipatikane kwa wote, ni halali kuchagua lenye madhara madogo zaidi. Lenye madhara madogo zaidi Kasenga si lile lile la Iowa. Mwenye umeme wa upepo ukutani kwake, na barabara ya lami mlangoni, hawezi kuazima udhuru wa mtu wa Kasenga.

Kuna jambo jingine ambalo wenye huruma ya mbali hawalifikirii. Wakisema "tuisusie kobalti", wanadhani watoto watatoka mashimoni waende shuleni. Sisi tumekwisha kuona yanayotokea. Mwaka 2018 bei ya kobalti ilipanda karibu na dola 95,000 kwa tani, kisha kabla mwaka mmoja kwisha ikaanguka hadi karibu theluthi yake. Hakuna mgodi mkubwa uliotoa machozi kwa ajili ya wachimbaji wa mikono. Baba aliyekuwa akilipa karo kwa gunia moja ikambidi atoe magunia matatu, na ili kupata magunia matatu alishuka chini zaidi, na akamchukua mwanawe amsaidie. Bei mbaya ndiyo inayompeleka mtoto shimoni, kuliko gari la mtu yeyote.

Na viwanda vya betri havikungoja ususiaji wetu. Betri za chuma na fosfati, zisizo na kobalti wala nikeli, zimekwisha kukaribia nusu ya soko la magari ya umeme duniani, na hata betri ya Lightning aliyokuwa akiitazama shemeji ilitengenezwa na SK On kwa mchanganyiko wa nikeli nyingi na kobalti kidogo. Kwa hiyo hoja ya "kobalti ya watoto" inazeeka kila mwaka, huku wanaoitumia wakiipaka rangi upya. Siku itakapokufa kabisa watatafuta nyingine, na Kolwezi haitatajwa tena katika mazungumzo yao. Itabaki na mashimo.

Hilo ndilo linalonitisha. Muda tulio nao wa kusikilizwa ni mfupi, na tunautumia vibaya. Mwezi wa pili 2025 serikali yetu ilisimamisha usafirishaji wa kobalti kwa sababu soko lilikuwa limefurika na bei imekufa. Mwezi wa kumi ikaweka viwango, na kwa mwaka 2026 na 2027 kikomo ni tani 96,600 kila mwaka. Ulimwengu ulilalamika, mimi nilifurahi kuona kwamba, kwa mara moja, mwenye shamba ndiye aliyefunga ghala. Lakini kufunga ghala hakutoshi. Sheria ya madini ya 2018 iliiweka kobalti, kama madini ya kimkakati, katika ushuru wa asilimia 10, na ikaagiza kwamba asilimia 15 ya ushuru huo iende moja kwa moja kwa wilaya na usultani ambamo mgodi umo. Wapendwa walei wenzangu wa Fungurume, wa Luilu, wa Kolwezi: mmewahi kuiona bajeti ya fedha hizo imebandikwa ukutani? Mmewahi kuiomba? Kampuni ya Taifa ya kununua kobalti ya wachimbaji wa mikono, EGC, iliundwa mwaka 2019 ili mchimbaji apate bei inayojulikana na mahali pa kuchimba pasipoua. Miaka imepita mingi mno kabla kazi hiyo kuanza kuonekana. Maneno haya tuyaseme sisi, kwa sauti, kwa majina ya wilaya na kwa hesabu, wala tusimwachie mwuza magari wa Marekani atusemee.

Nirudi kwa shemeji, maana yeye hasa alitaka kununua gari, hakutaka hotuba.

Nilimwuliza: kwa siku unakwenda kilomita ngapi? Akasema sitini, sabini, mara chache mia. Trela je? Kila siku, kuanzia mwezi wa nne hadi wa kumi. Lakini ni jepesi, mashine mbili tu za kukatia majani. Gari hulala wapi? Nyumbani, kwenye karakana yenye koranti. Lightning yenye betri kubwa, ya kilowati-saa 131, ilipimwa kwenda kilomita 515 ikiwa tupu. Ikikokota trela zito masafa hayo hupungua karibu nusu, na baridi ya Iowa huyapunguza tena. Angekuwa mtu wa kukokota ng'ombe kutoka jimbo hadi jimbo, ningemwambia achukue ya petroli, aichukue bila kumtaja mtoto wa mtu. Lakini kwa kilomita mia, hata nusu inambakishia akiba tele. Msaada wa kodi wa dola 7,500 waliokuwa wakiupata wanunuzi wa magari mapya ya umeme ulikoma tarehe 30 mwezi wa tisa 2025. Lakini bei ya yale yaliyotumika imeshuka sana, na hiyo aliijua kuliko mimi.

Alikaa kimya siku mbili. Kisha akaniandikia kwamba, kusema kweli, kilichomvuta kwenye petroli ni ngurumo ya injini, na kwamba wenzake kazini wangemcheka. Nilimjibu kwamba hiyo ni sababu ya kweli na ninaiheshimu. Aiseme hiyo basi.

Juzi ameandika tena. Alirudi kwa muuzaji, akaiendesha ya umeme, na kabla ya kuzungumza bei akauliza kobalti ya betri hii ilitoka mgodi gani. Muuzaji alicheka, akidhani ni mzaha. Ulaya imekwisha kuamua kwamba kuanzia tarehe 18 mwezi wa pili 2027 kila betri ya gari la umeme itakuwa na pasi yake, yenye habari za betri hiyo. Kule kwao hakuna sheria ya namna hiyo, na muuzaji hana wa kumwuliza. Nimemwomba shemeji arudi akaulize tena, safari hii kwa barua iendayo kwa mtengenezaji, ataje kwamba yeye ni mzaliwa wa Katanga, na asitie sahihi mpaka apewe jibu kwa maandishi. Amesema Jumamosi atakuwa na nafasi.